Shule Ina Wenyewe: Uzoefu Wangu wa Kugombea Kiti cha Wazazi katika Bodi ya Shule

Katika shule nyingi za msingi za umma hapa Kenya, uchaguzi wa wawakilishi wa wazazi katika bodi ya usimamizi hupita kimya kimya, na mzazi wa kawaida huja kutambua kwamba ulifanyika pale anapoyaona majina mapya chini ya barua ya kuitisha mchango. Ndivyo ilivyokuwa katika shule anayosoma kitinda mimba wangu, shule ya kutwa iliyo karibu na ufuo katika Kaunti ya Kilifi, hadi baadhi yetu tulipoamua kwamba safari hii uchaguzi ungefanyika mbele ya macho ya wazazi wenyewe. Niligombea, nikachaguliwa, na sasa muhula wangu wa miaka mitatu unaelekea ukingoni. Namwandikia mzazi anayekitazama kiti hicho kwa mbali akidhani si cha mtu wa aina yake, kwa kuwa jambo kubwa nililolipata katika miaka hii ni kwamba uzito wa mwakilishi wa wazazi hautoki katika barua ya uteuzi, wala katika ufasaha wake wa kusema mbele ya wakubwa. Unatoka kwa wazazi waliomtuma, na hupungua kila anapokaa muda mrefu bila kurudi kwao.

Sheria yenyewe haikumsahau mzazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaagiza kwamba shule ya umma iwe na bodi ya usimamizi, ambayo wengi tunaiita kwa kifupi BOM, na katika bodi hiyo wazazi wametengewa viti sita. Wajumbe wengine ni mmoja anayependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja anayechaguliwa na walimu, watatu wa mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni taasisi ya dini, mmoja wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii, na mmoja anayewakilisha watu wenye mahitaji maalumu, pamoja na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Ukihesabu utaona kwamba hakuna kundi lenye viti vingi kuliko wazazi. Hata hivyo nimekutana na wajumbe wa shule jirani ambao walikuwa hawajapata kuisoma sheria hiyo, na walioamini kwa dhati kwamba kazi yao ni kuidhinisha yale ambayo ofisi imekwisha kuyapanga. Kazi za bodi zimeandikwa wazi: kusimamia fedha na mali ya shule, kuhakikisha kuna majengo na vifaa vya kutosha, kulinda usalama na ustawi wa watoto na wafanyakazi, kuajiri wafanyakazi wasio walimu, na kuandaa ripoti ya kila muhula. Hayo si madaraka madogo, na mtu aliyepewa madaraka hayo kisha akageuka kuwa mpiga makofi anawanyima watoto haki yao hata kama hakugusa shilingi ya mtu.

Chukua suala la fedha peke yake. Kiwango cha serikali kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma kimekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka, na kwa wanafunzi wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), ambao tangu Gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza Januari 2023 wanasomea ndani ya shule za msingi, shilingi 15,042. Utaratibu ni kwamba nusu ya mgao ifike muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Kwa shule yenye watoto 800 wa msingi, hesabu inakuja shilingi 1,136,000 kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 568,000 ni za muhula wa kwanza. Kinachoingia kwenye akaunti ya shule huwa chini ya hapo, kwa kuwa tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na serikali moja kwa moja, na kwa kuwa fedha zenyewe huchelewa na mara nyingine huja pungufu. Ndiyo sababu mzazi anapaswa kujua mambo matatu kwa pamoja, yaani kilichotarajiwa, kilichofika na kilichotumika. Nilipoanza kuzungumza na wazazi wenzangu kuhusu uchaguzi, wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa hata moja kati ya hayo, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amebeba peke yake lawama za fedha ambazo hazikuwa zimemfikia.

Kilichonisukuma kugombea kilitokea nyumba ya tatu kutoka kwangu. Bibi mmoja anayelea wajukuu zake, ambao mama yao amekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia, alinionyesha kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, kimeandikwa kwa kalamu kiasi cha pesa za mitihani na za mlinzi, bila muhuri wala jina la aliyekiandika. Mjukuu wake wa Gredi ya 4 alikuwa amerudishwa nyumbani na karatasi hiyo saa nne ya asubuhi, na alikuwa amekaa kwenye kizingiti na sare yake. Nilimwamkia bibi, akaniitikia, nikamuuliza kama alipewa risiti kwa zile alizolipa muhula uliopita.

"Mwanangu, huko shuleni kuna wenyewe," akanijibu. "Sisi wengine tukiambiwa leteni, tunaleta."

Kifungu cha 29 cha sheria ile kinasema kwamba shule ya umma haitatoza karo ya masomo. Kwamba malipo mengine yanaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Kwamba mtoto hatanyimwa shule kwa sababu ya kushindwa kuyalipa. Na kwamba hakuna atakayekusanya malipo hayo bila kutoa risiti rasmi. Niliandamana na bibi hadi shuleni. Tulipokewa kwa heshima, mtoto akarudi darasani siku ile ile, na sina neno baya juu ya namna tulivyosikilizwa. Lakini tulipokuwa tukitoka niliwaona watoto wengine watatu wakielekea langoni na vikaratasi vyao mkononi, na ikanidhihirikia kwamba jambo la aina hiyo haliwezi kutatuliwa kwa kumsindikiza mzazi mmoja mmoja. Lilihitaji kuzungumzwa mahali ambapo uamuzi hufanywa.

Mimi ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi na ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwetu. Nalitaja hili kwa sababu wazazi wengi huniambia kwamba bodi ni ya walimu wastaafu, wafanyabiashara na wenye vyeo. Anayeweza kuliweka daftari la chama likasomeka, mapato upande huu na matumizi upande ule, na akasimama mbele ya wanachama kueleza kila shilingi, ana ujuzi ambao bodi nyingi zinauhitaji kuliko ufasaha wa hotuba.

Kampeni ya kiti cha wazazi haifanani na kampeni za siasa, na nadhani ni kosa kubwa kuiiga. Sikuchapisha bango wala sikuitisha mkutano. Nilikwenda kwenye kioski cha maji jioni akina mama wanapopanga foleni ya mitungi, nikasimama na vijana wa bodaboda ambao wengi wao ni baba wa watoto wa Gredi za chini, na nikateremka dikoni, pale wavuvi wanapoteremshia samaki, alfajiri vyombo vinapotua. Kokote nilikokwenda niliuliza kwanza, kisha nikasema. Niliuliza mtoto yuko darasa gani, mwalimu wake ni nani, mara ya mwisho mzazi aliingia ofisini lini, na ni jambo gani angependa liulizwe kwa niaba yake. Mengi niliyoyasikia sikuyategemea. Nilidhani ningeambiwa habari za alama za mitihani, lakini akina mama walizungumza kuhusu vyoo vya wasichana visivyo na komeo, na wavuvi walizungumza kuhusu kalenda.

Hili la kalenda linastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa hakuna mjumbe wa bodi aliyekuwa amelifikiria kabla ya hapo, na ni jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua. Muhula wa pili huanza kati ya mwisho wa Aprili na Mei, wakati upepo wa kusi umeshika, bahari imechafuka, na mwenye dau au mtumbwi mdogo hukaa siku nyingi bila kutoka. Michango mikubwa ya shule ilikuwa ikiitishwa wakati huo huo. Mvuvi mmoja mtu mzima, huku akikunja wavu wake, aliniambia kwamba wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, yeye hulipa bila kuombwa mara mbili, ila barua za shule humfikia siku ambazo hata unga wa nyumbani anaukopa. Kwa miaka yote hiyo shule ilikuwa ikiwahesabu watu kama yeye kuwa wazazi wasiojali. Nilipolipeleka jambo hilo katika bodi baadaye, ilichukua dakika chache tu kukubaliana kwamba mchango wowote ulioidhinishwa uitishwe kuanzia Januari, na uwezo wa kulipa kwa vipande uandikwe kwenye barua yenyewe.

Nilikuwa na mshindani mwenye nguvu, mtu mwenye mali aliyekuwa akiiuzia shule kuni na mahindi. Watu wake walipita nyumba kwa nyumba na leso na pakiti za sukari. Mama mmoja niliyekuwa nikimheshimu sana alinishika mkono akaniambia, "Mkono mtupu haulambwi, dada. Wewe umetuletea nini?" Nilimjibu kwamba nimemletea sheria na hesabu, nikamtolea karatasi niliyokuwa nimeandika kwa Kiswahili vifungu vichache na ile hesabu ya shilingi 1,420, nikamsomea polepole. Hakuniahidi kura yake. Alichofanya ni kuichukua ile karatasi, na baada ya siku kadhaa nilisikia kwamba imesomwa katika mkutano wa kikundi chao. Kuhusu mshindani wangu sikusema neno baya hata mara moja, ila niliuliza swali moja kila mahali: mwenye kuiuzia shule akikaa kwenye kiti cha kuidhinisha ununuzi, nani atamwambia kwamba bei yake iko juu? Mgombea akiacha kumzungumzia mtu akazungumzia utaratibu, hata ndugu za mshindani wake wanaweza kumsikiliza bila kuona haya.

Mkutano wa wazazi ulifanyika siku ya Jumamosi, na hilo lenyewe lilikuwa limetugharimu barua na mazungumzo, kwa sababu awali ulipangwa Ijumaa saa sita na nusu, wakati ambao wazazi Waislamu wanajiandaa kwenda msikitini. Kila darasa lilijitenga kivyake uwanjani kumchagua mwakilishi wake, kisha wazazi wote wakarudi pamoja kuwachagua sita wa kuingia kwenye bodi. Palitolewa pendekezo kwamba tujipange nyuma ya wagombea. Mzee mmoja alisimama akakumbusha uchaguzi wa mlolongo wa mwaka 1988, akasema kwamba mtu anayedaiwa dukani hawezi kumpa mgongo mwenye duka mchana kweupe. Ukumbi ulinyamaza, kisha wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mmoja alikata karatasi za daftari vipande vidogo, kila mzazi akapewa kimoja, na wasiojua kuandika wakasaidiwa na watoto wa Gredi ya 8 ambao walikaa nao kando mmoja mmoja na kuagizwa kutosema walichoandika. Kura zilitumbukizwa katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa, zikahesabiwa mezani mbele yetu, kila jina likitajwa kwa sauti na mstari ukichorwa ubaoni kwa chaki. Wanawake wanne waliingia kati ya sita. Ninaamini kwamba kwa mlolongo tusingefika hata wawili, na kama kuna jambo moja ambalo ningemwomba kila mzazi alidai kabla ya jambo lingine lolote, ni kura ya siri.

Baada ya hapo tulisubiri. Majina yalipelekwa kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na barua za uteuzi zilichukua muda kurudi. Muda huo niliutumia kuomba na kusoma kumbukumbu za mikutano ya bodi iliyotangulia, ambazo mwalimu mkuu alinipa bila kinyongo. Huo ulikuwa wakati wenye faida kubwa kwangu, kwani unapozisoma kumbukumbu za miaka kadhaa kwa mfuatano unaona ni mambo gani yaliamuliwa kisha yakatoweka bila maelezo. Tangi la maji lilikuwa limeidhinishwa mara mbili katika miaka miwili tofauti, na shuleni hapakuwa na tangi hata moja jipya. Nilipouliza, nilielezwa kwamba fedha ilielekezwa kwenye deni la umeme, na stakabadhi zikaletwa kuthibitisha. Jibu lilikuwa la haki, lakini halikuwa limeandikwa popote, na wazazi walikuwa wamebaki na uvumi kwa muda wote huo.

Katika mkutano wetu wa kwanza nyaraka ziligawiwa tulipokwisha kuketi, zote kwa Kiingereza, na tukatarajiwa kuzipitisha kabla ya chakula cha mchana. Niliomba mambo mawili: nyaraka zitufikie angalau wiki moja kabla, na majadiliano yaendeshwe kwa Kiswahili, ambacho kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mwakilishi wa mfadhili, mtu wa dini na wa hekima nyingi, aliniunga mkono mara moja. Nilibaini baadaye kwamba yeye pia alikuwa akitaka hivyo kwa muda mrefu, na alikuwa akingoja mzazi aseme. Mabadiliko yalionekana papo hapo. Mjumbe mwenzangu, mama muuza viazi karai ambaye hakuwa amefungua mdomo asubuhi yote, aliuliza kwa nini kuni za kupikia uji zinanunuliwa kwa bei ya rejareja ilhali shule inajua mwanzoni mwa muhula zitahitajika mikokoteni mingapi. Swali hilo liliiokolea shule fedha nyingi kuliko jambo lolote nililolisema mimi katika mwaka ule wa kwanza.

Niliona manufaa ya kazi yangu ya kila siku tulipofika kwenye paa. Upepo ulikuwa umeezua sehemu ya madarasa mawili, na mbele yetu palikuwa na hati za bei kutoka kwa wauzaji watatu. Zote zilitaja idadi ya mabati na jumla ya fedha, na hakuna hata moja iliyotaja geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Kwa asiyeuza mabati, hili ni jambo dogo, lakini bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 30, na la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, na bei zake hazifanani. Hapa kwetu, ambako upepo wa chumvi hauachi kitu cha chuma, bati jembamba huanza kula kutu kwenye matundu ya misumari mapema sana. Niliomba hati zirudishwe kwa wauzaji waandike geji, urefu wa bati, aina ya misumari na kama bei inajumuisha usafiri. Zilipokuja tena, ile iliyoonekana kuwa nafuu ilikuwa ya geji 32, na tulichagua ya geji 28 kwa sababu sasa tulijua tunalinganisha nini na nini. Mabati yalipofika, wajumbe wawili wa wazazi walikuwapo kuyahesabu na kusoma alama iliyopigwa kwenye kila bati kabla ya dereva kutiliwa sahihi. Sikumtuhumu mtu. Utaratibu wa kuuliza ukiwa ni ule ule kwa kila muuzaji na kwa kila ununuzi, hauna haja ya kumtuhumu mtu, na mwalimu mkuu alikuja kuniambia kwamba tangu siku hiyo amelala usingizi mzuri zaidi, kwa kuwa sahihi yake haiko peke yake.

Komeo za vyoo vya wasichana ziliwekwa katika muhula wa kwanza wa masomo tangu bodi yetu ianze kazi. Gharama yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kilichochelewesha kwa miaka mingi hakikuwa fedha. Ni kwamba hapakuwa na mtu katika chumba cha mikutano ya bodi aliyeambiwa.

Kila baada ya mkutano wa bodi, wawakilishi wa wazazi hukaa chini ya mti wa mkungu ulio nje ya lango la shule, Jumamosi alasiri, na mzazi yeyote anaweza kuja. Huwa tunabandika karatasi moja kwenye ubao wa matangazo yenye kilichofika, kilichotumika na kilichobaki, kwa tarakimu kubwa. Yale yanayomhusu mtoto mmoja kwa jina au mfanyakazi mmoja kwa nidhamu hatuyazungumzi hapo, kwa kuwa mjumbe anayebeba siri za watoto hadi barazani hafai kurudi ndani. Mwanzo walikuja watu wachache sana, na wajumbe wenzangu walianza kukata tamaa. Tuliendelea, na watu wakaongezeka pale walipoona kwamba swali lililoulizwa chini ya mkungu muhula huu linarudi na jibu muhula ujao, hata likiwa jibu la kutopendeza. Yule bibi hukosa mara chache. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini mlinzi wa shule hulipwa kwa mchango wa wazazi wakati kuna fungu la mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, swali lililotupeleka kwenye vitabu na kutufanya tujue kwamba fungu lile lilikuwa halitoshi hata kumlipa mpishi peke yake.

Hapo ndipo palipo na ugumu ambao haujaisha. Shule yetu ina upungufu wa walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na kama shule nyingine nyingi nchini, imelazimika kuajiri walimu wa bodi ambao hulipwa kwa fedha za wazazi. Tulipoanza kuifuata sheria inavyosema, tulifanya mambo kwa mpangilio: mkutano wa wazazi ukakubaliana kiasi, barua ya kuomba idhini ikapelekwa kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, vitabu vya risiti vikachapishwa, na bodi ikatangaza kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa. Wazazi wengi waliofurahi zaidi ni wale ambao watoto wao walikuwa wakifukuzwa kila muhula. Lakini baadhi ya wazazi wenye uwezo, walipojua kwamba mtoto hatafukuzwa, waliacha kulipa kabisa, na mishahara ya walimu wawili vijana, ambao hawakosi darasani, ikachelewa miezi. Mmoja wao ananunua vocha na chakula kwa mkopo katika duka lililo karibu na mahali ninapofanya kazi. Namwona, na siwezi kujifanya simwoni.

Kuna wajumbe wanaosema turudie njia ya zamani. Sikubaliani nao, na sitakubali, kwa kuwa haki ya mtoto ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima imo katika Kifungu cha 53 cha Katiba, na haiwezi kugeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia baba yake. Ila nawaheshimu kwa kutokuyafumbia macho mahitaji ya walimu wale. Tulichoanza ni kuwatembelea wazazi wenye uwezo nyumbani kwao, wajumbe wawili wawili, na kuwaonyesha orodha ya masomo ambayo hayangekuwa na mwalimu. Wengi hulipa tukiwa hapo hapo, na kuomba radhi. Wazazi wasio na fedha wamejitolea kuchota maji ya jikoni kwa zamu, jambo ambalo limepunguza gharama nyingine na kuacha kidogo kwa mishahara. Haitoshi bado. Barua ya kuomba walimu zaidi tumeipeleka mahali panapohusika, ikiwa na idadi ya wanafunzi kwa kila darasa na majina ya masomo yaliyo wazi, na kila mwezi mmoja wetu huenda kuifuatilia.

Uchaguzi mwingine unakaribia, na wazazi kadhaa wamekuja kuniuliza kama wagombee. Huwa nawauliza kwanza kama mwajiri wao atawaruhusu kutoka siku za mikutano, kwa kuwa mjumbe asiyehudhuria huwaharibia wenzake, na kama wako tayari kukaa na makabrasha usiku watoto wakishalala. Mume wangu ndiye aliyebeba jikoni jioni zile, na bila yeye nisingeweza. Kisha nawapa nakala ya sheria, ile karatasi ya Kiswahili na kumbukumbu za mikutano yetu yote, na nawaomba wateremke dikoni kabla ya kuandika jina lao popote. Wanawake wawili na kijana mmoja wa bodaboda wamekwisha kuanza kuzunguka. Tumewaalika chini ya mkungu mwezi ujao, kabla kusi haijaanza, ili wasikie hoja ya mishahara ya walimu wa bodi kutoka pande zote mbili, maana yeyote kati yao atakayechaguliwa ndiye atakayeikuta mezani.